Ungamo Lilipotoka Hadharani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Korogwe)



Nimepewa dakika arobaini niseme juu ya fasihi. Walionifahamu kazini wanajua kuwa dakika zangu arobaini huzaa saa mbili, kwa hiyo nitajifunga katika jambo moja tu, nalo ni hadithi za dini. Sisemi Biblia wala Kurani, wala tenzi za zamani. Nasema vile vijitabu vyembamba vya mtu aliyepotea akaokoka, vinavyouzwa stendi na milangoni mwa makanisa, pamoja na ndugu zake wa magazetini na wa kanda za video. Hapa Korogwe na kule Handeni nimeviona mikononi mwa watu ambao hawajapata kushika riwaya yoyote ya silabasi. Wasomi wetu huvipita kama mtu apitavyo karanga za barabarani. Mimi nimevikusanya kwa miaka mingi.

Hapana budi nianzie Magila. Misheni ya Kianglikana iliyoitwa UMCA ilifika huko, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, kisha ikashuka Korogwe na kuingia Handeni hadi Kideleko. Watu wale walikuwa Waanglikana wa ubani, mishumaa na maandamano, na tena walikuwa watu wa hadithi. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu, alitoa Hadithi za Kiingereza mwaka 1867, ambamo visa vya Shakespeare vilisimuliwa kwa Kiswahili, na mwaka 1870 akachapisha London ngano alizozikusanya Unguja, zenye majini na masultani, bila kuzifunga mkia wa mahubiri. Magila kwenyewe kulikuwa na mtambo wa chapa. Katika miaka ya 1890 ulitoa gazeti la Habari za Mwezi, na ndio ulioanza kuchapa Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi. Angalieni jambo hilo: kitabu cha Mwislamu, chenye ndani yake uganga wa mvua na fitina za watawala, kinapigwa chapa na mapadri, nao mapadri hawaoni haya.

Katika kanisa lile dhambi ilikuwa na mahali pake. Ulikwenda kwa kasisi, ukapiga magoti, ukaungama, ukapewa kitubio, ukarudi nyumbani. Dhambi iliyoingia sikioni mwa kasisi haikutoka tena. Jirani hakuijua, wala mpiga chapa hakuijua, na kwa sababu hiyo haikuweza kuwa hadithi.

Sasa, katika miaka ya 1930, ukatokea Uamsho. Ulianzia Gahini huko Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya CMS, ambao ni Waanglikana wa namna nyingine, wa Injili zaidi kuliko ubani. Kutoka huko ulipita Uganda, ukaingia Bukoba, ukaenda Kenya, na kwa miaka iliyofuata ukaenea katika makanisa ya Kilutheri na ya Kianglikana ya Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa, walileta desturi moja iliyogeuza kila kitu: mtu aliyeokoka husimama mbele za watu, akataja dhambi zake kwa majina, akashuhudia alivyooshwa. Ungamo likatoka sikioni mwa kasisi likaja uwanjani.

Nadhani hapo ndipo hadithi ya dini ya Kiswahili ilipopata umbo lake. Ushuhuda una sehemu tatu, nazo hazibadiliki: nilivyokuwa, kilichonipata, nilivyo sasa. Sehemu ya tatu ni fupi siku zote, kwa maana furaha haina visa. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye nyama. Anayeshuhudia anajua, hata asipokusudia, kuwa kadiri shimo linavyokuwa refu ndivyo mkono uliomtoa unavyoonekana kuwa na nguvu. Aliyeiba kuku hasikilizwi kama aliyeiba ng'ombe. Basi dhambi ikaanza kukua.

Si kwamba umbo hilo lilikuwa geni kabisa. John Bunyan, Mwingereza aliyefungwa kwa kuhubiri bila kibali, alikwisha kutoa mwaka 1678 kisa cha Mkristo aliyebeba mzigo mgongoni, na wamisionari walikitia katika Kiswahili kabla karne ya 19 haijaisha. Na James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Huko Freretown, karibu na Mombasa, CMS walikuwa wameweka makazi ya watu waliotolewa majahazini, na Mbotela alisimulia safari ya wazazi wale kutoka bara hadi huko. Someni kitabu hicho kwa makini. Utumwa ni shimo, manowari ya Kiingereza ni mkono uokoao, na misheni ni maisha mapya. Ni ushuhuda wa kabila zima la watu, si wa mtu mmoja. Na kama ilivyo katika kila ushuhuda, yuko anayebeba ubaya wote ili wokovu ung'ae: Mwarabu. Mwingereza, ambaye taifa lake nalo lilikwisha kusafirisha watumwa wasiohesabika kuvuka Atlantiki, anatoka katika kitabu hicho akiwa ameoga. Tulikisoma madarasani, tukakipenda, na kwa hakika kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyeketi dawati moja nasi alikisoma akiwa upande gani?

Hilo ndilo swali langu la leo, wanangu. Hadithi ya wokovu inahitaji mtu wa kupotea na mtu wa kupoteza. Ni nani anayepewa kazi hizo?

Kwa muda mrefu kazi ya kupotea alipewa msichana, na kazi ya kupoteza ulipewa mji. Mnajua Korogwe yetu ilivyo. Reli ilifika mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka kila pembe, wanaume bila wake zao, wenye mshahara wa mwezi na kiu ya pombe. Baadaye barabara ya Arusha na Dar es Salaam ikaleta mabasi, hoteli na nyumba za wageni. Mahali kama hapa ndipo mchungaji, shehe na mzazi walipokosa usingizi. Hofu yao haikuwa ya bure, kwa sababu wasichana waliharibiwa kweli, na magonjwa yalikuwapo. Ila katika vijitabu, manamba hakuulizwa jambo, wala mwenye shamba. Msichana ndiye aliyepanda basi akiwa na sanduku la mbao, ndiye aliyepaka rangi midomo, na ndiye aliyekufa kwenye ukurasa wa mwisho au aliyerudi akilia.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali nayo ililiona umbo hilo likaifaa. Yakatoka maandishi mengi ambamo kijana anakimbia kijiji, anaangamizwa na mji, anatubu, anarudi kulima. Ondoa kanisa, weka kijiji cha ujamaa. Ushuhuda ni uleule. Katika riwaya ya Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, Chonya na Matika wa Ugogo wanapita njia hiyo ya kwenda mjini na kurudi. Balisidya alikuwa mwandishi mwenye huruma kuliko wengi wa wakati wake, na ndiyo sababu kitabu kinasomeka mpaka leo. Hata hivyo mifupa yake ni ya ushuhuda.

Aliyeigeuza mifupa hiyo ni Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesomea seminari ya Nyegezi, akafariki Januari 2020. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ina kila kitu ambacho kijitabu cha dini kinakitaka: msichana mwema, shule ya bweni, chuo cha ualimu, wanaume, mimba, kifo. Watu wengi walishtuka, na kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda. Nadhani hawakushtushwa na dhambi, maana dhambi walikwisha kuizoea kanisani kila Jumapili. Kilichowashtua ni kwamba Kezilahabi alirudi nyuma hatua moja, akamtazama Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana na kumfungia ndani ya woga hata akafika ukubwani hajui mwanamume ni kiumbe gani. Mwishoni baba na binti wanafikishwa mbele ya Mungu na kushitakiana. Hofu ya mzazi, iliyodhaniwa kuwa ndiyo dawa, inaonyeshwa kuwa sehemu ya ugonjwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo riwaya ya kidini kuliko zote tulizo nazo, na waliojiita watu wa dini ndio walioikataa.

Nije sasa karibu na nyumbani, nami ni Mzigua, mtanisamehe nikipandisha sauti.

Kati ya mwaka 1972 na 1975 Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliongoza mikutano mikubwa ya maombi, uponyaji na kutoa pepo. Joto la Uamsho likawa limeingia hata katika nyumba ya ubani. Kisha wakaja wahubiri wa viwanjani wenye vipaza sauti, Askofu Moses Kulola mbele yao. Na mwaka 1987 Mnijeria mmoja, Emmanuel Eni, alitoa kijitabu cha ushuhuda wake: jinsi alivyotumikia nguvu za giza, akashuka chini ya bahari kwenye mji wenye maabara ambamo mashetani walitengeneza vipodozi na mapambo ya kuwanasa watu. Kijitabu hicho kilivuka bara zima. Nimekiona kwa Kiingereza, nimekiona kwa Kiswahili, nimekiona kimenakiliwa kwa mkono katika daftari la mazoezi la kurasa 48. Mwaka 1992 Wanijeria wakatoa filamu ya Living in Bondage, ya mtu aliyemtoa mke wake kafara apate utajiri, akaandamwa na mzimu wake, mwisho akapona kanisani. Zikafuata nyingine mia kwa mia, zikaja mpaka vibanda vya video vya Chanika kule Handeni. Magazeti yetu ya hadithi, yaliyochipuka baada ya vyombo vya habari kufunguliwa katika miaka ya 1990, yakachukua mtindo huohuo wiki kwa wiki.

Katika hadithi hizo mpya msichana alipumzishwa kidogo. Kazi ya kupoteza akapewa mganga, na jini wa baharini, na hirizi. Na mwandishi wa Dar es Salaam akitaka mganga wa kutisha, amtoe wapi? Kama si Sumbawanga, basi ni Handeni. Mganga wa Handeni hana jina wala shamba wala watoto. Ana kibuyu na macho mekundu. Nimefanya kazi mikoa sita, na sijaona mkoa ambao mtu hakuniuliza, kwa mzaha wa nusu, kama nimekuja na dawa.

Mzaha huo una bei. Katika miaka ya 1990 nilifundisha shule moja ya bweni, si hii, nami sitaitaja. Kidato cha pili palikuwa na mvulana kutoka kijiji cha ndani huko Handeni, mpole, dhaifu katika hesabu. Kiunoni alikuwa na uzi mweusi aliofungwa na bibi yake tangu utotoni. Kijitabu cha ushuhuda kikazunguka bwenini. Usiku mmoja mwanafunzi akaota anakabwa. Usiku wa pili wakaota watatu. Wiki haikuisha bweni zima lilikuwa linakesha kuzunguka kitanda cha mtoto yule, likikemea kwa sauti. Nilikwenda mara mbili kulitawanya. Wakubwa wa shule waliamua kumrudisha nyumbani wiki mbili, kwa usalama wake. Hakurudi tena. Likizo ilipofika nilifunga safari mpaka kwao. Bibi alinipokea vizuri, akanipa uji, akaniuliza: "Mwalimu, uzi ule kama ungekuwa na nguvu hizo, si ungemsaidia kwanza kwenye hesabu?" Sikuwa na jibu. Nasikia mjukuu wake siku hizi anachoma mkaa.

Sisemi hadithi huua watu. Walioua vikongwe wenye macho mekundu huko Usukumani, na walioua ndugu zetu wenye ualbino katika miaka ya 2000, walikuwa na tamaa na ujinga wao wenyewe, na waganga wapiga ramli walikuwapo kweli, hata Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku Januari 2015. Ninalosema ni dogo zaidi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, inafanya kosa kumtaja mwenzako kuwa mchawi kiholela. Kijitabu hakimtaji mtu, kinataja aina ya mtu: anayetoka mahali fulani, anayevaa kitu fulani, anayesali namna fulani. Msomaji ndiye anayemalizia jina.

Na hapa kwetu jina hilo huangukia kwa urahisi upande mmoja. Hirizi yenye aya, kombe la kunywa, jini anayetoka baharini ni vitu vya pwani, na pwani ni ya Waislamu. Handeni wengi wetu ni Waislamu, na ukoo mmoja una Yohana na Juma wanaozikana. Wazee wa pwani waliishi na majini kama watu waishivyo na majirani wagumu: wako waovu, wako wema, wako hata wanaosali. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alimtia jini katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Huria, jini huyo, ndiye anayemwokoa Adili na kuwaadhibu ndugu zake kwa kuwageuza manyani. Nini kinafuata? Wanaombewa msamaha, wanarudishiwa umbo la watu, wanaketi tena na ndugu yao. Hiyo nayo ni hadithi ya dhambi na wokovu, tena imetoka mkoa wetu huuhuu. Tofauti yake ni kwamba hakuna anayebaki nje akiwa nyani ili wengine wajione watu.

Nisije nikaonekana nalaani upande mmoja. Ungamo la hadharani lilifanya jambo ambalo sikio la kasisi lisingeweza. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa kusema mbele ya baraza la wazee alisimama kanisani akasema mumewe anampiga, akasema kwa jina, na hakuna aliyemkalisha, kwa sababu alikuwa anashuhudia. Mfanyakazi wa mkonge asiyejua kusoma aligundua kwamba maisha yake yana mwanzo, kati na mwisho, na watu mia mbili wanataka kuyasikia. Wengi wao walijifunza kusoma ili wasome visa vya wenzao. Ningekuwa mchoyo kama nisingeliona hilo.

Ndiyo sababu siungi mkono rasimu ya kamati yetu ya maktaba, niliyoonyeshwa jana, yenye kichwa kisemacho "Vitabu Safi". Ndani yake vijitabu vya ushuhuda vimo, Rosa Mistika haimo, na mbele ya Adili na Nduguze mtu ameweka alama ya kuuliza, nafikiri kwa sababu ya jini. Wako wajumbe wengine, ndugu zangu wa dhati, wanaotaka kinyume chake, vijitabu vichomwe moto kabisa. Nimewaambia wote wawili hapana. Vijana hawa watavisoma tu, chini ya blanketi kwa tochi ya simu. Afadhali wavisome mezani, pamoja na walimu wao, Rosa Mistika ikiwa rafu hiyohiyo.

Nimekuja na sanduku, liko kwa Ndugu Katibu. Mna Adili na Nduguze nakala tatu, Rosa Mistika mbili, Shida moja, Uhuru wa Watumwa moja ambayo jalada lake limeliwa na mchwa, na vijitabu vya ushuhuda 17. Katika kila kijitabu nimeandika kwa penseli, ndani ya jalada: kurasa za dhambi ni ngapi, kurasa za wokovu ni ngapi, na anayepoteza watu ametokea wapi. Mwanafunzi atakayeona kuwa nimehesabu vibaya afute, aandike hesabu yake.